Nyuma ya Fremu: Jumatano hadi Jumapili kwa Mafundi wa Iringa Mjini

Jumatano, katikati ya mji

Basi la mikoani linaishia Igumbilo, chini bondeni kando ya TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Mji wenyewe uko juu, karibu mita 1,550 toka usawa wa bahari, na daladala inapita Ipogolo kisha inaupanda mlima kwa gia nzito. Macho yaanze kuwatafuta mafundi ukishafika juu, kwenye barabara ya Uhuru na vichochoro vinavyotokea humo. Hapo ndipo Iringa inapobadilika sura haraka.

Nyumba za zamani za eneo hili unazijua kwa kuzitazama tu: duka chini, makazi juu, kuta nene, baraza pana mbele na ua nyuma. Nyingi zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia enzi za mkoloni. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana katikati ya miji mingi ya Tanzania jengo la shirika na la mtu binafsi yanapakana ukuta kwa ukuta, moja bado lina bati lake la zamani, la pili limeshabomolewa kupisha ghorofa la fremu, yaani vyumba vya duka vya kupangisha.

Fremu ina hesabu yake. Kodi inalipwa mbele, miezi 6 au mwaka mzima, dalali naye anataka chake, na anayetoka anaweza kukudai kilemba ndipo akuachie nafasi. Muuza simu au vipodozi anaimudu, kwa kuwa mtaji wake unazunguka mara kadhaa kwa mwezi. Fundi anauza saa zake. Kodi ikipanda, saa za siku hazipandi nazo. Basi fundi anasogea: kutoka fremu kwenda barazani, kutoka barazani kwenda uani, kutoka uani kwenda mitaa ya Kihesa au Mlandege. Ukitembea barabarani ukitazama vibao tu, utaamini Iringa imebaki mji wa chaja na mafuta ya nywele.

Njia ya kuwapata ni kufuata malighafi. Penye vitenge pana cherehani karibu, penye maranda ya mbao pana seremala, penye harufu ya solusheni, ile gundi ya viatu, pana fundi viatu. Fundi hawezi kuhama mbali na anachokifanyia kazi, kwa sababu mara nyingi ananunua kidogo kidogo kwa pesa ya mteja wa siku hiyo.

Tuanze na vitenge. Pisi nzima ni yadi 6, upana wake kama sentimita 115. Gauni refu la mtu wa umbo la kati linataka yadi 3 hadi 4, shati la mikono mifupi kama 2, ila maua makubwa yanakula kitambaa zaidi kwa kuwa fundi atataka yakutane kifuani na kwenye mshono wa kati. Kabla hujalipa, omba uchomoe uzi mmoja pembeni uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuganda kipunje kigumu cheusi. Vyote vina kazi yake, lakini kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai poliesta peke yake haikusaidii kitu, na mchana kukiwa na jua inakubana joto.

Pamba iloweshwe usiku mmoja kwenye maji ya baridi kabla ya kukatwa. Mafundi wengi hawataifanya kazi hiyo wasipoambiwa, na gauni linalokukaa sawasawa siku ya kulichukua linapanda juu ya goti baada ya kufuliwa mara mbili. Rangi ikitoka nyingi kwenye maji hayo, badilisha maji mpaka yatulie.

Fundi mzuri wa nyuma ya duka anatambulika kwa mambo madogo. Anapima juu ya nguo nyepesi, hapimi juu ya sweta. Anaandika vipimo kwenye daftari, wala hatumii pembe ya gazeti. Akikata anaacha mshono wa ndani wa sentimita 2 ubavuni, ili nguo iweze kufunguliwa mwili ukiongezeka. Geuza nguo yoyote iliyoning'inia hapo kwake uitazame ndani: kingo zimepita ovaloku, mashine ya kufunga kingo? Kola ina gamu, kitambaa cha kuikaza, au imeachwa ilegee? Zipu imeshonwa mistari miwili? Ndani ya nguo hakuna cha kukudanganya. Kisha mkubaliane siku ya kujaribisha, siyo siku ya kuchukua tu. Ukiambiwa "njoo Ijumaa" bila kujaribisha, ujue Ijumaa hiyo ndiyo ataikata.

Malipo yana njia mbili: kitambaa chako na pesa ya ufundi kwake, au yeye anunue kila kitu. Ya kwanza ni salama kwa kitambaa, ya pili ni rahisi kwa bitana, zipu na vifungo, maana yeye anajua duka lenye bei nzuri. Changanya zote mbili.

Jioni ukipata nafasi, Boma la Iringa liko karibu, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Ingia uangalie vikapu na vyombo vya zamani vya Wahehe kabla ya Jumamosi. Jicho linahitaji kipimo.

Alhamisi, Mlandege

Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara nchi nzima, na Mlandege ni moja ya sehemu walikokusanyika hapa Iringa. Kwa mnunuzi ni faida kwamba wako pamoja. Kwa fundi viatu si faida kila wakati: riziki yake ilikuwa mpita njia ambaye soli imemfumukia hapo hapo, na mpita njia huyo haji sokoni makusudi kwa ajili ya soli.

Makatambuga, viatu vya matairi, bado yanatengenezwa, na wapo vijana wa mjini wanaoyavaa kwa mtindo siku hizi, kwa mikanda ya rangi na shanga. Kazi ni ile ile. Tairi linalofaa ni la nyuzi, siyo la waya. Tazama pale lilipokatwa: la waya linaonyesha vichomozi vya chuma vinavyong'aa au vyenye kutu, na vichomozi hivyo baada ya miezi vinatoboa soksi, kisha mguu. La lori linapendwa zaidi ya la gari dogo kwa sababu mduara wake ni mkubwa, hivyo soli inalala chini. La gari dogo linajikunja mbele na nyuma na mvaaji anatembea kwa kubembea.

Fundi anachora mguu kwenye boksi, anakata boksi, analiweka juu ya mpira na kuchora kwa chaki. Kisu chake ni chembamba, kimenolewa mpaka kimebaki nusu, na pembeni pana kopo la maji. Kila akikata upana wa vidole viwili anakichovya. Mpira mkavu hukamata kisu na mkono unateleza, na kovu nyingi za vidole vya mafundi hawa zilitokana na kisu kikavu. Tairi likiwa nene mno analichana tabaka: anakata ncha, anashika kwa koleo na kuvuta kwa mkono mmoja huku kisu kikipita polepole kwenye mvutano. Ubavu wa tairi, ambao ni mwembamba na unajikunja, ndio unaotoa mikanda. Mikanda inapitishwa kwenye mipasuo, inakunjwa kati ya tabaka mbili za soli, inapigwa misumari midogo.

Hapa ndipo pa kukagua. Msumari ukipigwa juu ya chuma cha fundi, ncha yake hujikunja na kuzama ndani ya mpira. Ukipigwa juu ya gogo, unatoka wima. Ingiza vidole ndani ya kiatu, papasa polepole kuanzia kisiginoni hadi mbele, hasa chini ya mkanda. Ukigusa ncha, mrudishie hapo hapo. Ni kazi ya nyundo mbili. Vaa vyote viwili utembee hatua kadhaa, kwa sababu mkanda wa nyuma ukiwa umelegea siku ya kwanza hautakaza tena, ila wa mbele ukibana kidogo utajinyoosha.

Kwa ngozi halisi, iwe mkanda wa suruali au mishikio ya begi, uliza imelainishwa kwa dawa gani. Nyanda za juu kusini zina historia na jambo hili: kule Njombe kampuni ya TANWAT, iliyoanza mwaka 1949, ililima miti ya miwati kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Ngozi ya magome ni ngumu mwanzoni, rangi ya kahawia hadi ndani, na inakolea kadiri inavyoshikwa. Ngozi ya kromu, iliyolainishwa kwa dawa ya kiwandani, ni laini toka siku ya kwanza, na ukiitazama kwenye mkato kati yake ina weupe wenye ubluu au ukijivu hata kama juu imepakwa kahawia. Kwa mkanda au mshikio chagua ya magome, unene wa milimita 3 hadi 4, iliyokatwa upande wa mgongo wa ng'ombe. Ya tumbo inavutika. Njia ya kujua: shika ncha mbili za mkanda uvute kwa nguvu. Ukirefuka na usirudi, ni tumbo.

Ngozi nyingine inayouzwa kwa bei nzuri ni vumbi la ngozi lililogandishwa na kupakwa plastiki. Ikunje kwa nguvu: juu inapasuka mistari myembamba na upande wa chini hauna nyuzi bali una kitambaa au utando. Itakubabuka kiunoni mwaka huo huo.

Mchana, nenda Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, ambako watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono. Nenda siku ya kazi ili uone karakana, siyo duka peke yake. Kinachowavuta wengi ni karatasi za kinyesi cha tembo. Tembo hamalizi kusaga chakula chake, hivyo kinyesi kikikauka kimejaa nyuzi za majani na magome. Kinaoshwa, kinachemshwa kwa muda mrefu, kinapondwa pamoja na karatasi za ofisi zilizotumika, kisha uji wake unamwagwa kwenye beseni kubwa. Fremu yenye wavu inazamishwa na kuinuliwa sawasawa. Ikiinuliwa kimshazari karatasi inakuwa nene upande mmoja. Inageuzwa juu ya kitambaa, inakamuliwa, inakaushwa. Haina harufu. Kwa kuandikia kwa kalamu ya wino mwingi haifai sana, wino unatambaa kwenye nyuzi. Kwa kadi, vifuniko vya daftari na vivuli vya taa inafaa.

Kwenye mgahawa wao wahudumu wengi ni viziwi. Agizo linaandikwa, au unajifunza ishara mbili tatu zilizoelezwa pale. Usipige kelele. Haisaidii.

Ijumaa, Kihesa

Kihesa iko njia ya Dodoma, na mambo mawili yameibadilisha: barabara ilipopata lami hadi Dodoma, na wanafunzi. Chuo Kikuu cha Iringa, kilichokuwa kikiitwa Tumaini hadi mwaka 2013, kiko upande huu, na mji una vyuo vingine vikubwa, Mkwawa na Ruaha. Mwanafunzi anahitaji chumba, chumba kinahitaji kitanda, meza na kabati, na ndiyo sababu maseremala wamejipanga pembezoni mwa barabara wakitandika vitanda juani kama samaki. Mwenye kiwanja naye ameshaliona hilo. Palipokuwa na kibanda cha seremala kwa kodi ya mwezi kwa mwezi panajengwa hosteli, na seremala anasogea mtaa mmoja ndani.

Mbao za hapa nyingi ni paini na mkaratusi kutoka Mufindi, ambako kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mkubwa kuliko yote nchini. Ukaribu huo unafanya mbao ziwe rahisi, na unaleta tatizo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam halijui: mbao inafika kwa seremala ikiwa mbichi. Mti ulikuwa umesimama mwezi uliopita. Kitanda kinatengenezwa, kinapakwa vanishi, kinauzwa, na kinaanza kukauka kikiwa chumbani kwako. Viungo vinaachia, ubao wa kichwani unapinda, droo inagoma.

Kujua mbao mbichi si kazi ngumu. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja kutoka mafungu tofauti; iliyo nzito zaidi bado ina maji. Ishike shavuni: mbichi ni ya baridi. Itazame ncha: iliyokauka ina nyufa fupi kwenye ncha na rangi imefifia. Harufu kali ya utomvu ni ishara nyingine. Seremala mzuri anazipanga mbao chini ya paa, tabaka kwa tabaka, na kati ya kila tabaka vibanzi vya inchi moja vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wima ili hewa ipite na uzito usipindishe. Mbao ya inchi moja inahitaji wiki kadhaa za kiangazi hivyo, na zaidi ikiwa masika. Mbao zilizosimamishwa ukutani juani zinakauka upande mmoja na kujikunja; ukiziona hivyo, na fundi akakuambia zimeiva, endelea na safari.

Sasa la hatari, na hili tungelitangaza kwa kipaza sauti kama lingewezekana. Mbao za kuezekea zimetiwa dawa, na unaziona kwa rangi yao ya kijani iliyofifia. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Inafaa kabisa juu ya paa, ambako mchwa na mvua wanaizingira. Haifai kwa kitanda cha mtoto, meza ya chakula, kibao cha kukatia mboga wala rafu ya vyombo. Mabaki yake yasiingie jikoni kuwa kuni, kwa sababu moshi na majivu yake vina sumu hiyo hiyo. Fundi anayebakiwa na vipande vya kijani baada ya kazi ya paa ana kishawishi cha kuvifanya stuli. Akipaka vanishi nyeusi huvioni. Omba kuona upande wa chini, ambao kwa kawaida haupakwi.

Weusi wenye ubluu kwenye paini ni kitu kingine. Huo ni ukungu uliopata mbao mbichi iliyorundikwa bila hewa; hauilegezi mbao, unaichafua tu, na utaonekana chini ya vanishi. Kubali kwa punguzo, au paka rangi. Macho ya mbao nayo ni ya aina mbili: yaliyoshikana na mbao pande zote yatakaa, yenye mzingo mweusi yatadondoka na kuacha tundu. Kwenye chaga za kitanda tundu ndilo linalovunjika.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kiagizwe hivi. Mpe fundi kipimo cha godoro lako lenyewe kwa tepu, siyo jina la kipimo, kisha ndani ya fremu aongeze inchi moja kila upande wa kupenyeza shuka. Mbavu, zile mbao ndefu za pembeni, ziwe za inchi 2 kwa 6, au 1 kwa 8 ikiwa zimekauka vizuri. Chaga za 1 kwa 4, na nafasi kati yake isizidi inchi 3, la sivyo godoro linazama katikati ya chaga na kuisha mapema. Upana wa futi 5 unadai mhimili wa kati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo chaga zinabeba watu wawili zikiwa hewani. Mbavu zifungwe kwa bolti, siyo misumari. Kitanda cha bolti kinafunguliwa, kinapita kwenye mlango wa chumba cha hosteli, na bolti zinakazwa tena baada ya miezi mitatu mbao ikishatulia.

Mafundi wa Kihesa wenye mashine ya randa ya umeme wanamaliza haraka, ila ikiwa kisu chake ni butu utaona mawimbi madogo ukilaza ubao kwenye mwanga wa pembeni. Yataondoka kwa msasa, kuanzia namba 80 kwenda 120 hadi 180, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Anayeruka kutoka 80 kwenda kwenye vanishi anaacha mikwaruzo inayojitokeza baada ya tabaka la kwanza. Tabaka la kwanza liwe jepesi, likauke, lipigwe msasa laini, ndipo la pili na la tatu. Vanishi iliyopakwa asubuhi yenye ukungu wa Iringa huganda ikiwa na weupe, kwa hiyo usimharakishe mtu mwezi wa sita.

Jioni ya Kihesa ina bidhaa nyingine ya mikono, kama msimu ni wa mvua. Ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa kwenye mianzi michanga: chipukizi linakatwa ncha, mbeta, chombo cha kukingia, inafungwa chini yake, na mgemaji anarudi asubuhi na jioni kukata kipande chembamba ili tundu lisizibe. Wa siku hiyo hiyo, mtogwa, ni mtamu na mpole. Mkangafu umeshachacha na una nguvu. Hauvumilii kufungwa kwenye chupa yenye kifuniko kilichokazwa, kwa kuwa unaendelea kuchacha na chupa hupasuka. Wanaokwenda nao mbali huacha kifuniko kimelegea na chupa imesimama. Na mwenye safari ya kesho ashikilie mtogwa.

Jumamosi, Soko Kuu

Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, nyasi za majimaji zinazoota mabondeni, na wasukaji ni akina mama wa vijijini, wengi wao Wahehe. Vinakuja mjini kwa mafungu, kimoja ndani ya kingine. Fika asubuhi, kabla wanunuzi wa jumla hawajachagua. Salamu ni "Kamwene, mama," na salamu ichukue muda wake. Bei itaanza baadaye.

Msuko wenyewe uangalie kwa karibu. Kuna nyuzi zinazosimama, zinazotoka katikati ya kitako na kupanda hadi ukingoni, na kuna jozi za nyuzi zinazozunguka, moja mbele na moja nyuma ya kila uzi unaosimama, zikipishana na kusokotana. Kikapu kinapotanuka, nyuzi mpya zinazosimama zinaongezwa. Hapo ndipo mkono wa msukaji unapojulikana. Zikiongezwa sawasawa kuzunguka kitako, kikapu kinapanda mviringo. Zikiongezwa upande mmoja, kinakuwa na bega. Mistari myeusi au ya zambarau ni milulu iliyotiwa rangi kabla ya kusukwa. Lowesha ncha ya leso nyeupe, sugua kwenye mstari. Ikitoka rangi, kikapu hicho kisikae na nguo nyeupe.

Kiweke juu ya meza iliyonyooka, bonyeza ukingo upande huu kisha ule. Kikicheza, kitako hakikusukwa bapa. Kiinue dhidi ya mwanga: matundu madogo yaliyosambaa ni kawaida, mstari mzima wa mwanga maana yake mzunguko ulilegezwa. Ukingo ndio wa mwisho na ndio unaoharibika kwanza. Ncha za nyuzi zinazosimama zinapaswa kukunjwa na kufutikwa ndani ya msuko, kisha kupunguzwa. Zilizokatwa fupi bila kufutikwa zitajifungua. Vuta moja kwa kucha. Isitoke.

Halafu kinuse. Milulu iliyokauka inanukia nyasi za kiangazi. Harufu ya ukungu maana yake kikapu kilifungwa kikiwa na unyevu, na madoa meusi yatafuata hata kama leo huyaoni. Vingi vya masika vina tatizo hili, siyo kwa uzembe wa msukaji, ila jua la kukaushia milulu halikuwepo na shamba nalo lilikuwa linamsubiri. Mwenye kuweza kungoja, anunue kiangazi baada ya mavuno, mikono ya wasukaji ikiwa imepata nafasi.

Malighafi ina mgogoro wake. Mabonde yanayootesha milulu ndiyo hayo hayo ya vinyungu, bustani za kiangazi za mahindi mabichi, maharage na mboga, ambazo zinaleta pesa haraka. Bonde likilimwa lote, msukaji anakwenda mbali kukata milulu au ananunua mzigo, na bei ya kikapu inapanda bila yeye kuongeza faida. Anayebishana shilingi mia tano za mwisho na mama sokoni anabishana na sehemu ile ya bei iliyo ndogo kuliko zote.

Agizo maalumu lisitolewe kwa maneno. "Kikubwa" cha mjini na "kikubwa" cha kijijini havifanani. Chukua uzi, piga fundo kwa mzunguko wa mdomo, fundo la pili kwa kimo, umpe mama uzi wenyewe. Wengi wanaufunga kwenye ncha ya khanga na kazi inarudi ilivyotakiwa. Vikapu vya kuingia kimoja ndani ya kingine viachiane angalau sentimita 3 kwenye mdomo, vinginevyo cha ndani kinanasa.

Mishikio ya ngozi inafungwa mjini, na hapa ndipo Alhamisi inapokuja na faida. Ngozi ikipigwa ribiti mbili kwenye ukingo peke yake, uzito wote unabebwa na mizunguko miwili ya nyasi, na itachanika na ukingo wake. Mshikio ushuke chini ya ukingo mizunguko minne au mitano, na ndani ya kikapu pawe na kipande cha ngozi cha kupokea, ili ribiti au uzi ubane msuko katikati ya ngozi mbili. Upana wa sentimita 2 na nusu unatosha. Mwambie fundi asitoboe milulu kwa patasi. Atenganishe nyuzi kwa msumari butu, apitishe katikati.

Jumapili, kurudi Igumbilo

Maduka mengi yamefungwa na mafundi wako kanisani, kwa hiyo siku hii ni ya kufungasha. Vikapu vipakiwe vikavu, vimejazwa nguo ili visibonyee, na vifungwe kwa kitambaa au gunia. Mfuko wa plastiki unakusanya jasho la safari na kukuletea ukungu ule uliouepuka jana. Kikibonyea njiani, ukifika kinyunyizie maji ndani na nje, kingoje dakika kumi kilainike, kisukume kwa mkono kirudi kwenye umbo, kijaze khanga kavu na kikauke penye hewa, nje ya jua kali.

Kitanda kinasafirishwa kimefunguliwa, bolti zake zimefungwa kwenye mfuko uliofungwa kwenye ubavu mmoja, siyo mfukoni mwa kondakta. Vanishi isiyotimiza siku tatu isigusane na gunia, inanasa nyuzi. Buti la basi liwe la vitu vigumu, vikapu uingie navyo ndani. Na kabla ya kutoka mjini piga simu kwa fundi cherehani kuthibitisha siku ya kujaribisha, maana namba aliyoiandika kwenye daftari lake ni ya kazi tu, na simu yako ndiyo anayoingoja ndipo akate.